HURUMA KWA MUUAJI, HAKI KWA MKIWA

Tarehe 9 Desemba 2017, katika Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma, Rais John Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, aliwasamehe wafungwa 8,157. Miongoni mwao walikuwamo 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Misamaha ya sikukuu ya Uhuru twaijua sote, lakini kwa desturi huwapita wauaji bila kuwagusa. Mara ile haikuwapita. Wako waliopiga makofi. Na wako waliouliza: Je, waliofiwa?

Ibara ya 45 ya Katiba ya 1977 yampa Rais uwezo wa kusamehe na wa kupunguza adhabu. Uwezo huo una maana yake. Kwa miaka mingi jaji aliyeridhika kwamba mshtakiwa aliua kwa kukusudia hakuwa na hiari ila kutamka kitanzi, kosa liwe na visa gani. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, wa Mahakama Kuu huko Dodoma, alisema adhabu hiyo yapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo ikasema kwamba kumlazimisha jaji hivyo ni kuvunja haki ya uhai. Basi pale sheria ilipomfunga jaji mikono, huruma ya Rais ndiyo iliyobaki kupima tofauti ya mtu na mtu.

Lakini huruma si kufungua mlango tu. Siku ya Krismasi 1971 Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa huko Ismani na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye mwenyewe aliipeleka maiti polisi. Mwamwindi alinyongwa. Rais aliyekuwapo, Mwalimu Nyerere, alikuwa Mkatoliki mcha Mungu, wala hakumwepusha na kitanzi. Watu wangali wakibishana juu ya jambo hilo. Hata hivyo latufundisha kwamba moyo wa mwamini na wajibu wa mwenye kushika dola havilingani sikuzote.

Maandiko nayo hayatupi njia nyepesi. Yule mnyang'anyi msalabani aliahidiwa peponi siku ile ile, lakini hakuna aliyemng'oa misumari. Kaini alitiwa alama asiuawe, lakini hakuachwa kukaa kwa raha katika shamba lililoinywa damu ya nduguye. Kusamehewa dhambi ni jambo moja, kuondolewa adhabu ni jambo jingine. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa kwamba warithi wa aliyeuawa ndio wenye haki ya kusamehe au kupokea dia. Pande zote mbili, aliyekosewa hasahauliwi.

Tuchukue mfano wa kijiji cha Mkiwa, mkoani Singida, pale barabara ya Itigi inapoikuta barabara kuu. Kwa Kiswahili mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake baada ya kufiwa. Fikirini mjane wa mahali kama hapo, aliyelea yatima kwa jembe lake katika nchi yenye mvua chache. Siku moja amwona aliyemwua mumewe akishuka kwenye basi. Hakuna aliyemwuliza, hakuna hata aliyemwarifu. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Na yule aliyeachiliwa, mzee asiye na nyumba wala shamba, atalala wapi? Kisasi kikimkuta njiani, tumemhurumia nani?

Kwa hiyo yapasa mambo matatu yatangulie kila msamaha wa namna hii. Kwanza, jamaa wa marehemu wafikiwe nyumbani kwao na wasikilizwe. Si kwamba wao ndio wawe mahakimu, bali neno lao lipimwe. Pili, mfungwa apimwe kwa toba yake na mwenendo wake, si kwa uzee wake tu. Na anayeshikilia kwamba hakuua, kesi yake ichunguzwe upya, maana asiye na hatia hadai huruma, anadai haki. Tatu, serikali ya kijiji na viongozi wa dini watayarishwe kumpokea, au atafutiwe makao mengine.

Kazi hiyo ni ndogo kuliko kujenga magereza. Hapana budi ifanywe, ili siku lango linapofunguliwa kwa mmoja, mlango wa mwingine usifungwe kwa hofu.