Isukuti na Watoto Wetu wa Chekechea

Mzazi, ukimkuta mwanao wa PP1 akipiga mtungi wa plastiki darasani, usidhani siku imepotea. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mtoto anayeshika mdundo wake huku mwenzake akipiga mwingine anajifunza kusikiliza, kuhesabu na kungoja zamu. Akiifinyanga ngoma kwa udongo, vidole vinapata nguvu ya kushika penseli.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 2014, UNESCO iliweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Wengi wa wanaoijua ni wazee, na hawana wa kuwarithi. Zamani mtoto aliiona harusini na matangani. Siku hizi mara nyingi ni spika za kukodi.

Katiba ya 2010 imeipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, lakini mwalimu hawezi peke yake. Kama kwenu kuna babu mpigaji, zungumza na mwalimu apangiwe asubuhi moja. Aje na ngoma yake. Familia za jamii nyingine nazo zilete nyimbo za sherehe zao.