Mpira wa Maji na Uzito wa Hewa

Mpira wangu wa kwanza ulibonyea. Nilikuwa juu ya paa la nyumba ya dada yangu mjini Tanga, ghorofa tatu kwenda juu, nikivuta kwa kamba mpira wa mita 12 uliojaa maji, ncha ya juu nimeiziba kabisa. Chini, mpwa wangu alikuwa ameizamisha ncha ya pili ndani ya ndoo. “Mjomba, maji yamesimama wapi?” akauliza. Sikuwa na la kumjibu. Karibu na mkono wangu mpira ulikuwa bapa kama utambi wa kandili.

Nilikuwa nikiiga chombo cha Gasparo Berti, aliyekisimamisha Roma mwanzoni mwa miaka ya 1640. Mafundi wa pampu walishajua kwamba pampu ya kuvuta haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi, hata iwe imara vipi. Berti akaegemeza bomba refu la risasi kwenye ukuta wa nyumba yake, akalijaza maji, akaziba juu na kufungua chini ndani ya pipa. Maji yakashuka kidogo, kisha yakasimama kwenye kimo kilekile cha pampu.

Yameshikwa na nini? Evangelista Torricelli wa Firenze alieleza mwaka 1644 kwamba hayavutwi kutoka juu. Hewa iliyotufunika ina uzito. Inayakandamiza maji ya pipani, nayo yanayabeba yale ya bombani mpaka pande mbili zilingane kama mizani. Yeye alitumia zebaki, nzito mara 13.6 kuliko maji, ndiyo maana sentimita 76 zilimtosha. Hiyo ndiyo barometa niliyoichora ubaoni miaka yote ya ualimu wangu.

Zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza barometa za zebaki. Anayetaka kuiga vyombo vya kale kwa mikono yake leo, heri arudi kwenye maji ya Berti.

Usiku ule nilikaa nikiutazama mpira wangu. Nani aliubonyeza? Ndani juu palibaki patupu. Nje palikuwa na hewa. Nilichokiita hitilafu kilikuwa ndicho nilichopanda kukitafuta.

Nikanunua mipira miwili minene yenye nyuzi ndani. Maji nikayachemsha kwanza na kuyapoza, maana maji mabichi hutoa viputo vinavyopanda juu na kuharibu kipimo. Safari hii yalisimama karibu mita 9 na sentimita 85 juu ya ndoo.

Nikakumbuka Ufaransa. Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Kwenye kilele, mita 1,000 hivi juu ya mji wa Clermont, zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8. Ninachokiheshimu zaidi ni mrija wa pili: aliuacha bustanini kwa watawa, mmoja wao akiuangalia kutwa nzima. Haukusogea. Bila huo, yeyote angeweza kusema ni hali ya hewa tu iliyogeuka.

Nasi tukafanya hivyo. Mpira mmoja nikamwachia mpwa wangu Tanga, mwingine nikapanda nao Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, nikautundika kwenye mkaratusi. Maji yakashuka, yakashuka, yakatulia kwenye mita 8 na nusu. Nikapiga simu.

“Huku hayajasogea hata upana wa kiganja, Mjomba.”

Walimu wenzangu, msiishie kwenye mchoro. Tafuteni mpira, ndoo, kamba na maji yaliyochemshwa. Na mkipata mpira laini, anzeni na huo: mwacheni mwanafunzi auone unavyobonyea pasipo kuguswa na mkono wa mtu.