Sura ya Tano: Karatasi ya Mtoto Asiyejua Kutaja Jina Lake

Mtu mzima akifika kwenye dawati la shirika la ndege, ofisa humtazama usoni, hutazama picha, basi. Kwa mtoto mchanga njia hiyo haifiki mbali. Picha ya pasipoti aliyopigwa akiwa na miezi miwili, amelazwa juu ya shuka jeupe ili mkono wa mama usionekane, haitafanana naye akitimiza mwaka na nusu. Alama za vidole nazo hazisaidii: kanuni za viza za Schengen, kwa mfano, hazimdai alama hizo mtoto wa chini ya miaka 12. Hata hivyo mchanga huyo hudaiwa nyaraka kila aendako. Hoja ya sura hii ni kwamba nyaraka za mtoto mchanga kazi yake kubwa si kumtambua kwa sura. Zipo ili kujibu maswali mawili: ana umri gani, na huyu aliyembeba ni nani wake. Karatasi inayojibu yote mawili ni cheti cha kuzaliwa, na kwa familia ya Vuga, katika milima ya Usambara, safari ya kukipata huanzia chumba cha kujifungulia, mapema kabla ya mtu kufikiria uwanja wa ndege.

Tuanze na umri. Kwa mashirika ya ndege mchanga ni mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Hupakatwa, mkanda wake huunganishwa na wa mzazi, na katika safari za kimataifa nauli yake kwa kawaida huwa karibu sehemu ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miwili, sharti awe na kiti chake. Umri huhesabiwa siku ya kusafiri wala si siku ya kukata tiketi, kwa hiyo mtoto anayeondoka na miezi 23 anaweza kulazimika kulipiwa kiti wakati wa kurudi. Hili si suala la mapato tu. Barakoa za oksijeni juu ya kila safu ya viti zina idadi yake, hivyo wachanga katika safu moja huwekewa kikomo, na mtu mzima mmoja hapakati wawili. Katika safari za ndani, tuseme Dar es Salaam kwenda Mwanza au Zanzibar, pasipoti haihitajiki, na mara nyingi kadi ya kliniki hutosha kuonyesha umri. Hapo ndipo wengi huuliza: kama kadi inatosha, cheti cha nini? Jibu ni kwamba kadi hiyo iliandikwa kwa ajili ya uzito na chanjo. Inajibu swali la kwanza peke yake.

Swali la pili lina historia yake. Zamani, katika nchi nyingi, mtoto mdogo hakuwa na pasipoti. Aliandikwa ndani ya ile ya mzazi. Mstari mmoja ulitosha kusema kwamba mtoto huyu ni wa mama huyu. Uingereza iliacha utaratibu huo mwaka 1998, na nchi za Umoja wa Ulaya zikaufunga Juni 2012, kwa kufuata kanuni ya usafiri wa anga kwamba kila mtu awe na pasipoti yake. Kanuni ilikusudiwa kuwalinda watoto, lakini ilileta pengo: pasipoti za nchi nyingi hazitaji baba wala mama wa mwenye pasipoti. Uzi uliomfunga mtoto na mzazi ukakatika kwenye karatasi, na ikabidi utafutwe kwingine. Afrika Kusini ilipoanza mwaka 2015 kudai cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili kwa kila mtoto anayevuka mpaka wake, ilikuwa inaziba pengo hilo. Wadau wa utalii walilalamika sana, na baadaye sharti likalegezwa kwa wageni. Je, hiyo si dalili kwamba cheti hakikuhitajika? La. Kilicholegezwa ni kukionyesha mpakani. Pasipoti yenyewe ya mtoto bado hutolewa kwa msingi wa cheti cha kuzaliwa, Tanzania ikiwemo.

Pingamizi zito zaidi linatoka milimani kwenyewe: Vuga, mtoto anajulikana. Bibi aliyempokea, majirani waliokuja kumwona, mchungaji aliyembatiza au shehe aliyemwombea dua, wote ni mashahidi, na ushahidi wa watu umekuwepo kabla ya serikali yoyote kuandika daftari. Ni kweli, na Vuga ni mahali pazuri pa kuupima ukweli huo. Simulizi ya Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi uliokuwa na makao yake hapa, kama ilivyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, inaanza na utambulisho wa mtoto mchanga. Mbegha alikuwa kigego, aliota meno ya juu kwanza, na ndugu zake huko Ngulu walitumia jambo hilo kumnyima urithi. Simulizi hiyo inaonyesha mambo mawili kuhusu ushahidi wa majirani. Kwanza, unaweza kugeuzwa ukawa silaha dhidi ya mtoto asiye na la kujitetea. Pili, una mipaka: Mbegha alipofika Usambara alipokelewa kama mwindaji mgeni, na mashahidi wa kuzaliwa kwake walikuwa wamebaki nyuma. Kwa Mbegha mpaka huo ulikuwa nafuu. Kwa mama aliyesimama mbele ya ofisa wa Uhamiaji, umbali huohuo ni hasara, maana shahidi wake mwema yuko Vuga naye hawezi kuulizwa. Cheti kinabeba ushahidi huo hadi pale majirani wasipofika.

Njia yenyewe ni hii. Mtoto akizaliwa katika zahanati au hospitali, mzazi hupewa tangazo la kizazi. Tangazo si cheti. Ni taarifa inayopelekwa kwa msajili, na sheria imeweka siku 90 za kufanya hivyo. Baada ya hapo usajili bado unawezekana, ila huongezewa vielelezo. Cheti cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kikishapatikana, ndipo maombi ya pasipoti yapelekwe Uhamiaji pamoja na vitambulisho vya wazazi. Kinachowakwamisha watu mara nyingi ni herufi. Majina mengi ya Kishambaa huanza na She-, na ni rahisi nesi aandike Shemdolwa kwenye tangazo ilhali kitambulisho cha taifa (NIDA) cha baba kinasema Shemndolwa. Zahanati hakuna atakayeshtuka. Lakini kosa la tangazo huhamia kwenye cheti, la cheti huhamia kwenye pasipoti, na kwenye pasipoti jina linasomwa na mashine isiyojua kwamba majina hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Dakika ya kusoma tangazo kabla ya kuondoka wodini inaokoa nauli za kupanda na kushuka Lushoto na Tanga.

Wapo watakaosema huu ni mzigo wa watu wa ndege unaotwikwa wakulima ambao watoto wao hawatapanda ndege. Takwimu zinaonyesha mzigo ulivyokuwa mzito: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba ni takriban robo tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa, na wenye cheti walikuwa asilimia 14. Lakini mpango wa kusajili watoto ulioanzishwa Mbeya mwaka 2013 ulionyesha kwamba tatizo halikuwa ukaidi wa wazazi. Usajili ulisogezwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kikatolewa bila malipo na taarifa zikatumwa kwa simu, nao wazazi wakajitokeza kwa wingi. Na cheti si cha ndege peke yake. Shule, bima na mirathi vitakidai. Ndege inadai mapema tu, tena bila kubembeleza. Hata Nairobi, mtoto wa Vuga haendi kwa cheti peke yake: Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho, lakini Tanzania haimo, kwa hiyo atahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, na zote mbili zinauliza alizaliwa wapi na nani.

Linabaki lalamiko la mama anayesafiri peke yake na kuombwa barua ya ridhaa ya baba. Anaona anashukiwa kumwiba mwanawe mwenyewe. Uchungu huo una haki yake, na maofisa wanapaswa kuuliza kwa heshima. Ila mtoto ndiye abiria pekee asiyeweza kusema kama anasafiri kwa hiari. Tanzania ilitunga sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008 kwa sababu tishio lipo, na anayembeba mtoto wa watu naye hujiita mzazi. Mama mwenye cheti, barua ya ridhaa na nakala ya kitambulisho cha baba hujibu swali hilo kwa dakika chache. Asiye navyo huachwa ajitetee kwa maneno, na maneno ndiyo ambayo hata mwizi wa watoto anayo.