Bomba Tupu Ndilo Hatari

Guildford, magharibi mwa Sydney, kuna mahali panapoitwa Pipehead. Tangu 1888 mfereji wa wazi uliteremsha maji hapo kutoka bwawa la Prospect, kisha mabomba yakayapokea kuyapeleka mjini. Mfereji ulifungwa 1995, maji yakahamia kwenye bomba, na leo njia yake hupitiwa na waendesha baiskeli. Mwaka 1996 Prospect ikapata mtambo mkubwa wa kuchuja.

Ungedhani kazi imekwisha. Julai 1998 vijidudu vya kriptosporidiamu na giadia vikaonekana katika sampuli za maji ya Sydney, na watu wapatao milioni tatu wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa. Kriptosporidiamu haiogopi klorini, hivyo tahadhari ilistahili, ingawa wagonjwa hawakuongezeka. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Peter McClellan, na mwaka 1999 ikaundwa mamlaka ya kusimamia vyanzo vya maji.

Mtambo peke yake, basi, hautoshi. Dar es Salaam nayo ina mitambo: Ruvu Juu na Ruvu Chini husafisha maji ya mto kabla ya kuyasukuma mjini. Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, liko njiani. Bomba lililojaa maji muda wote huyasukuma kwenda nje. Likiwa na ufa, maji safi huvuja, hasara ni ya fedha. Mgao ukianza, msukumo hushuka na bomba hunyonya. Ufa uleule sasa unaingiza tope la mtaroni, na shimo la choo likiwa jirani, kipindupindu kimepata njia. Ndiyo maana maji yakirudi baada ya siku mbili, ndoo ya kwanza huwa na rangi ya chai. Mtambo haukukosea kitu. Simtanki lisilooshwa na dumu la muuza maji humalizia uharibifu huo.

Kwa hiyo takwimu za kaya zilizounganishiwa maji hunishawishi kidogo tu. Ningependa kwanza kujua bomba hukaa tupu saa ngapi.

Mgao ukiisha, ndoo za mwanzo zipeleke kwenye usafi wa choo. Ya kunywa yachemshe hata yakionekana meupe. Na wewe uliyefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, iondoe: unamnyima jirani maji na kuvuta uchafu kwenye bomba mnalonywea wote.