Dawa ya kolesteroli na virutubisho: kweli au si kweli?

“Kilichotokana na mmea hakigombani na dawa ya hospitali.”

SI KWELI, na imani hii ndiyo inayowaponza wengi. Chukua vidonge vya mchele mwekundu uliochachushwa, tiba ya siku nyingi kutoka China ambayo sasa inauzwa kama kirutubisho cha moyo. Ndani yake mna monakolini K, ambayo kikemia ni kitu kilekile kiitwacho lovastatini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Mgonjwa aliyekwisha kuandikiwa atorvastatini akiongeza vidonge hivyo, anameza dawa mbili za aina moja, yaani statini. Tena hajui amezidisha kiasi gani, maana kiwango cha monakolini hutofautiana sana kati ya chupa na chupa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliagiza kiwango hicho kiwe chini ya miligramu 3 kwa siku, na lebo ionye wanaotumia dawa za kolesteroli wasivitumie.

Kinachoogopwa dawa ikizidi ni madhara kwa misuli. Ikianza kuuma au kulegea bila sababu, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, wahi hospitali siku hiyohiyo. Misuli inayovunjika humwaga mabaki yake kwenye damu, nayo yanaweza kuziharibu figo.

“Kitunguu saumu na manjano vinatosha, dawa ya nini?”

SI KWELI. Watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walilipima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2022. Kwa siku 28, kolesteroli mbaya ya waliopewa rosuvastatini miligramu 5 ilishuka kwa takriban asilimia 38. Waliopewa vidonge vya kitunguu saumu, manjano, mdalasini au mafuta ya samaki hawakuwapita waliomeza vidonge visivyo na dawa. Viungo hivyo viendelee kunogesha mchuzi. Kazi ya statini haviiwezi.

“Anayetumia statini asiguse balungi.”

KWELI KWA BAADHI. Balungi huzuia kimeng’enya cha utumbo kinachopunguza makali ya simvastatini na lovastatini, hivyo dawa hujaa mwilini. Kwa atorvastatini, tatizo ni kunywa juisi yake kwa wingi. Rosuvastatini na pravastatini haziathiriki hivyo. Soma jina lililo kwenye pakiti yako, usifuate la jirani.

“Koenzaimu Q10 huondoa maumivu ya misuli yaletwayo na statini.”

HAIJATHIBITISHWA. Majaribio yamepingana. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa koenzaimu hii inaweza kuipunguza nguvu dawa hiyo.

“Nikimtajia daktari mitishamba yangu atanigombeza.”

Hata akigomba, mtajie. Siku ya kliniki tia kwenye mfuko kila chupa, unga na kidonge unachotumia, habasoda ikiwemo, umwekee mezani yeye au mfamasia asome. Na tafadhali, usiache statini kwa uamuzi wako mwenyewe.