Kasi Iliyoandikwa na Kasi Inayopatikana: Kuchunguza Kumbukumbu ya Tarakilishi Isiyofikia Mwendo Wake

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo hawezi kuiepuka tarakilishi. Tasnifu huchapwa humo, ngano zilizorekodiwa nyanjani husikilizwa na kunakiliwa humo, na data ya isimu hupangwa humo. Hata hivyo, wengi wetu tulio hodari wa kuichambua riwaya hunyamaza pindi chombo chenyewe kinapotuangusha. Makala haya yanashughulikia tatizo moja mahsusi: kipande cha kumbukumbu kimenunuliwa kikiwa na kasi fulani kwenye lebo, lakini kikishatiwa kwenye mashine kinakwenda kwa kasi ndogo kuliko ile. Tutaeleza maana ya tarakimu zinazohusika, tutabainisha sababu za hali hiyo, kisha tutapendekeza utaratibu wa uchunguzi unaoanza na hatua zisizogharimu kitu.

Tatizo hili lilinifika nilipokuwa nikinakili ngano nilizozirekodi Tigania na Runyenjes. Kipakatalishi changu, cha mitumba kama vilivyo vingi katika maduka ya Meru na Embu, kilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Kila nilipofungua sauti na hati kwa pamoja, kiliganda. Nilichukua fedha nilizokuwa nimezitenga kwa nauli ya utafiti, nikanunua mjini Meru kipande cha gigabaiti 8 chenye maandishi ya 3200. Nilipokiwasha chombo, Windows ikanionyesha 2133. Thuluthi nzima ya kasi niliyoilipia haikuwapo. Usiku ule ule niliwaandikia wenzangu wawili kwamba nimetapeliwa, na duka nikalitaja. Asubuhi yake nilimwendea muuzaji nikiwa na kipande mkononi na maneno makali mdomoni. Hakubishana nami. Alisema tu, "Mwalimu, lete na mashine yenyewe tuitazame." Yaliyofuata ndiyo kiini cha makala haya.

Maana ya Tarakimu kwenye Lebo

Kumbukumbu inayozungumziwa hapa ni ile ya muda, ambayo hushikilia kazi inayoendelea na kufutika umeme unapozimwa. Haifai kuichanganya na diski, ambamo faili huhifadhiwa. Kipande kimoja huweza kubeba majina mawili: DDR4-3200 na PC4-25600. Majina haya hayapingani. DDR4 ni kizazi cha teknolojia. 3200 ni idadi ya uhamisho wa data, kwa mamilioni, katika sekunde moja. Kwa kuwa kila uhamisho hubeba baiti 8, tukizidisha 3200 kwa 8 tunapata 25,600, yaani megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde.

Kuna jambo jingine linalowatatiza wengi. Kumbukumbu za DDR huhamisha data mara mbili katika kila pigo la saa yake. Kwa hiyo, kipande cha 3200 kina saa ya megahezi 1600, na cha 2133 kina saa ya takribani 1066. Programu kama vile CPU-Z huonyesha saa, si uhamisho. Anayeona 1600 mahali alipotarajia 3200 hajapoteza chochote. Hana budi kuizidisha tarakimu hiyo kwa mbili kabla ya kulalamika.

Sababu za Kumbukumbu Kutofikia Kasi Yake

Sababu ya kwanza, na iliyoenea zaidi katika vipakatalishi vya mitumba, ni ukomo wa prosesa na ubao mama. Msomaji na akumbuke kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2004, ambazo wananchi huziita Sheria za Michuki. Matatu ya kutoka Meru kwenda Embu ilitiwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, hata kama kipimamwendo chake kiliandikwa 180. Injini haikuwa na kosa; kilichoamua mwendo kilikuwa kitu kingine. Ndivyo ilivyo kwa kumbukumbu. Kidhibiti chake kimo ndani ya prosesa, nacho kina kiwango cha juu kilichotangazwa na mtengenezaji. Kwa mfano, Intel Core i5-6200U ya mwaka 2015 hukomea 2133 kwa DDR4, i5-8250U hukomea 2400, i5-10210U hukomea 2666, na i5-1135G7 hufikia 3200. Kipakatalishi changu kina hiyo i5-6200U. Hata ningenunua kipande bora kuliko vyote nchini, kingekwenda kwa 2133.

Sababu ya pili ni kuchanganya vipande visivyolingana. Vipande viwili vikiwa pamoja, mashine huvipangia kasi ambayo vyote vinaimudu. Kwa maneno mengine, cha kasi humngoja mwenzake wa polepole. Mtu anayeongeza kipande cha 3200 kando ya kile cha zamani cha 2400 asitarajie zaidi ya 2400.

Sababu ya tatu huhusu zaidi tarakilishi za mezani. Baadhi ya vipande huuzwa kwa kasi inayozidi ile vinayoanza nayo. Ndani ya kipande mna chipu ndogo iliyohifadhi orodha ya kasi zake. Mashine inapowaka huchagua kasi ya kawaida kutoka katika orodha hiyo, mathalani 2133 au 2400, na kasi ya lebo hubaki katika wasifu wa pekee unaoitwa XMP. Wasifu huo haufanyi kazi mpaka mwenye mashine auwashe mwenyewe kupitia mipangilio ya baiosi. Vipakatalishi vingi vya kiofisi havina nafasi ya kuuwasha. Aidha, mbao mama nyingi za bei nafuu za prosesa za Intel zilizotoka kabla ya mwaka 2021 hazikuruhusu kumbukumbu kuvuka kiwango cha prosesa.

Sababu ya nne ni idadi ya vipande. Kadiri vinavyoongezeka ndivyo kidhibiti kinavyolemewa. Kwa prosesa za AMD Ryzen 7000 zinazotumia DDR5, mtengenezaji ametangaza 5200 vipande vikiwa viwili, lakini 3600 vikiwa vinne.

Sababu ya tano ni kasoro halisi: kipande kibovu, miguu yenye uchafu, au lebo ya uongo iliyobandikwa juu ya kipande cha kasi ndogo. Tumeiweka mwisho kwa makusudi. Ndiyo inayotujia kwanza akilini, ilhali inafaa kufikiriwa baada ya zile nne kuondolewa.

Utaratibu wa Uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kujua kasi inayotumika. Katika Windows, fungua Task Manager, uende kwenye sehemu ya utendaji, kisha kumbukumbu. Hapo pana kasi pamoja na idadi ya nafasi zilizotumiwa.

Hatua ya pili ni kujua uwezo wa kipande chenyewe. CPU-Z ina ukurasa unaosoma ile chipu ndogo, nafasi moja baada ya nyingine. Watumiaji wa Linux wanaweza kuitumia amri ya dmidecode, ambayo kwa kawaida hutenga kasi ya kipande na kasi iliyowekwa na mashine. Hatua hii ndiyo mizani ya haki. Ikiwa chipu inakiri 3200 na mashine inatumia 2133, kipande hakina hatia na kizuizi kiko kwingineko. Ikiwa chipu haiitambui 3200 kokote, hata katika wasifu wa XMP, hapo mnunuzi ana hoja ya kumpelekea muuzaji.

Hatua ya tatu ni kutafuta jina kamili la prosesa na kusoma kiwango chake cha kumbukumbu katika maelezo ya mtengenezaji. "Core i5" pekee haitoshi, kwa kuwa jina hilo limebebwa na vizazi vingi vinavyotofautiana sana.

Hatua ya nne ni kuzima mashine, kuchomoa waya wa umeme na kutoa betri iwapo inatoka, kisha kukijaribu kila kipande peke yake. Kasi ikipanda kipande cha zamani kinapoondolewa, sababu ni mchanganyiko. Miguu ya kipande ikiwa na uchafu, isuguliwe taratibu kwa kifutio safi cha penseli na kufutwa vumbi.

Hatua ya tano ni kwa wenye mashine za mezani: ingia katika baiosi na uwashe XMP. Mashine ikishindwa kuwaka, ondoa betri ya duara iliyo kwenye ubao mama kwa dakika chache ili mipangilio irudi ilivyokuwa. Ikiwaka lakini ikawa inaganda, ishushe kasi daraja moja. Baada ya hapo iendeshe MemTest86 kwa saa kadhaa. Kosa hata moja katika jaribio hilo lisipuuzwe, kwa kuwa kumbukumbu inayokosea huweza kuiharibu faili ya tasnifu bila mwandishi kutambua. Ni heri 2933 inayoaminika kuliko 3200 inayobahatisha.

Je, Hasara ni Kubwa Kiasi Gani?

Swali hili halina budi kuulizwa, kwani ndilo linaloamua kama kuna haja ya kununua tena. Mashine iliyojaza kumbukumbu yake hulazimika kuihamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu. Hapo ndipo kuganda kunapotokea. Kwa anayechapa, anayesikiliza sauti na kusoma makala, kutoka gigabaiti 4 hadi 12 ni badiliko kubwa. Kutoka 2133 hadi 3200 huenda asilitambue kabisa.

Isitoshe, mpangilio wa vipande unaweza kuzidi kasi ya lebo. Kipande kimoja cha 2133 hupitisha takribani megabaiti 17,000 kwa sekunde. Vipande viwili vinavyolingana, vikitiwa katika nafasi zinazofanya kazi sambamba, hupitisha takribani 34,000 kwa pamoja. Kiwango hiki kinazidi zile 25,600 za kipande kimoja cha 3200. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo atafaidika zaidi kwa vipande viwili vya kasi inayoifaa prosesa yake kuliko kimoja chenye tarakimu ya kuvutia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, mtu ajiulize mambo manne: prosesa yangu inakomea wapi, ninahitaji DDR3, DDR4 au DDR5, kwa maana vizazi hivi haviingiliani katika nafasi moja, kuna nafasi ngapi, na kipande kilichopo kina kasi gani. Majibu yote yanapatikana kabla ya kupanda matatu kwenda mjini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kasi ya lebo ni uwezo wa kipande, nayo kasi inayopatikana ni makubaliano baina ya kipande, wenzake, ubao mama na prosesa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: lebo hutaja kile ambacho kipande kinaweza, wala haisemi lolote kuhusu mashine ya mnunuzi. Kwa msomaji wa fasihi, hili si geni. Hatulihukumu neno bila muktadha wake, na tarakimu pia haifai kuhukumiwa hivyo.

Muuzaji yule alinifungulia ukurasa wa ile chipu ndogo. Iliandikwa 3200, kama alivyoniuzia. Akanionyesha jina la prosesa yangu na kiwango chake. Nililolikosa ni swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza, naye angelijibu bure. Niliwaandikia tena wenzangu wale wawili kuyafuta maneno yangu, lakini mmoja wao alikuwa amekwisha kuyapeleka kwa wengine. Kipande bado kimo ndani ya kipakatalishi, kinakwenda kwa 2133, na ngano zote za Tigania na Runyenjes zimekwisha kunakiliwa.