Mukuba haukuanza na Union Minière

Ukiuliza vijana wa Kasaji mukuba wa Katanga ulianza lini, wengi watakujibu: "Ni Wabelgiji." Watataja Union Minière ya 1906, ao reli ya Tenke–Dilolo iliyomalizika 1931 na inayopita hapa kwetu. Jibu hilo linakata historia yetu karibu miaka elfu moja.

Twende Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika Upemba. Mwaka 1957 na 1958, Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimbua makaburi ya kale kule. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendeleza kazi. Walikuta nini? Kati ya karne ya 8 na ya 13, watu wa pale walizika wafu wao pamoja na vyungu, vikuku na mikufu ya mukuba, na shoka za chuma. Lakini Sanga hakuna mukuba! Ulitoka kusini, katika vilima vyenye mawe ya kijani, zaidi ya kilometa 200. Kwa hiyo kulikuwa watu wa kuchimba, watu wa kuyeyusha kwa makaa na mivukuto, na watu wa kubeba.

Kuanzia karne ya 14, misalaba ya mukuba inakuwa mingi makaburini. Mwanzoni ilikuwa mikubwa na michache. Baadaye ikawa midogo, mingi, na ya vipimo vinavyokaribiana. Hapo njo tunaelewa: ilikuwa imegeuka feza. Misalaba hiyohiyo njo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga 1960.

Sasa wengine watasema: lazima kuna mgeni aliyewafundisha. Tuangalie Amerika. Watu waliingia kule kutoka Asia zamani sana. Monte Verde, kule Chile, kuna alama zao za miaka kama 14,500. Hawakuwa na njia ya kukutana na babu zetu wa Upemba. Na bado, kabla Wazungu hawajafika, watu wa pwani ya Ecuador na wa magharibi ya Meksiko walitengeneza vishoka vyembamba vya mukuba, visivyoweza kukata kuni, vya kutumia kama feza. Kule Ecuador vilifungwa mafungu na kuwekwa makaburini. Kumbe akili ya kugeuza mukuba kuwa feza ilizaliwa pande mbili za bahari, bila mmoja kumuiga mwenzake.

Haya yote tunayajua kwa sababu moja: vitu vilikutwa mahali pake. Musalaba ukiwa kaburini, karibu na mfupa na chungu, unasema ni wa wakati gani na ulifanya kazi gani. Ukiuzwa njiani, unakuwa kipande cha mukuba tu, umenyamaza.

Leo Lualaba inachimbwa mchana na usiku, kwa mashine na kwa mikono. Kila shimo linaweza kupita juu ya tanuru la babu. Ndugu, ukiona vigae, masizi ya chuma ao musalaba, usiutoe. Piga picha, andika mahali, pelekea habari walimu wa historia ao muzeo ya Lubumbashi. Mukuba ukishapakiwa kwenye treni, hautarudi. Historia iliyochimbwa pamoja nao pia haitarudi.